Mbona hamumtundikii maji?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, manake nimeiweka rohoni muda na dadangu kila tukikosana huitoa kama karata. Miaka kama mitatu ilopita, saa nane za usiku, nilisimama katikati ya kazualti, mapokezi ya dharura, ya hospitali moja hapa Malindi, nimevaa kikoi na fulana iliyotoboka kwapani, nikamfokea sista wa watu mbele ya umati. Kisa ni maji. Sio ya kunywa, yale ya kutundika, dripu.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu alikuwa na miaka miwili na kitu, homa ilimshika tangu asubuhi, akapewa dawa ya homa ikashuka jioni, tukala tukalala. Usiku nasikia mlango unagongwa kama kuna moto, kufungua ni dadangu amemkumbatia mtoto, macho ya mtoto yamegeuka meupe na mikono yarukaruka. Degedege. Bi Mkubwa naye keshatoka chumbani na kanga yake begani asema huyo ni nyuni, yule ndege wa pepo, amempitia, afukizwe kwanza, msikimbilie hospitali. Mamangu simjibu, sikulelewa hivyo, lakini nilikuwa nishampigia jirani mwenye tuktuk, na kutoka kwetu Muyeye usiku barabara nyeupe hata dakika kumi hatukumaliza.

Tumefika, foleni. Mzee mmoja ameshika tumbo, kijana wa bodaboda amefungwa leso kichwani imelowa damu, kina mama na watoto kwenye mabenchi, mmoja amelala chini kwenye kanga. Nikasema basi tumekwisha, zamu yetu ni alfajiri. Kumbe yule sista wa mlangoni alimtupia mpwa wangu jicho mara moja tu akatuita ndani, tukawapita wote, yule mzee wa tumbo akaanza, "sisi tuko hapa tangu isha!" Sista hata hakugeuka.

Akamlaza. Akamwita jina aone kama ataitika. Akapandisha fulana akaangalia mbavu zinavyoingia na kutoka. Akambonyeza kucha ya kidole gumba, akaachia, midomo yamcheza kama mtu ahesabu. Alafu akapitisha mkono wake toka paja la mtoto polepole mpaka unyayoni, kama fundi apapasa kitambaa. Akafungua viganja akavitizama. Mi nimesimama hapo najiambia huyu mwanamke anacheza ngoma gani, mtoto anakufa yeye anapapasa miguu.

Baadae wakaja wawili wengine, oksijeni puani, sindano ya kutuliza degedege, wakamdunga kidole wakapima malaria na sukari. Sukari iko chini mno. Wakaingiza ile kanula, kimrija cha mshipani, mkononi, wakapiga plasta, wakasukuma maji ya sukari kidogo kwa bomba la sindano, polepole. Alafu sindano ya malaria. Mi macho yangu yako kwenye ule mti wa chuma wa kutundikia chupa, umesimama mtupu. Nikajua sasa inakuja. Dakika kumi. Robo saa. Chupa haiji.

Hapo ndio nikafoka. Mbona hamumtundikii maji? Kanula mmeweka ya urembo? Mwangoja afe ndio mulete? Na mengine ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa kuna wanafunzi wangu wasoma.

Sista akanitizama vile mtu amtizamavyo mlevi. Akasema, "Kaka, huyu hajahara, hajatapika, hajakauka. Maji ya kumwagiwa haraka hayamfai, yaweza kumuumiza. Dawa anazotaka ashapata. Hebu keti umshike dadako mkono."

Ati maji yamuumize! Nikakaa, lakini kimoyomoyo nasema nishawajua hawa, chupa zimewaisha wanatafuta maneno.

Sasa nyinyi wa huku kwetu mwanielewa. Mgonjwa kwetu hajatibiwa mpaka atundikiwe. Ukienda kumzuru mtu swali la kwanza si amepatikana na nini, ni "ashatundikiwa maji?" na la pili ni "ngapi?" Chupa tatu ni ugonjwa wa heshima. Mtu akirudi nyumbani na vidonge tu watu wanasikitika, wasema hakuangaliwa vizuri. Kwa hivyo mimi pale sikuwa mwendawazimu, nilikuwa mtu wa Malindi.

Mtoto siku ya pili aliomba uji. Siku ya nne tukatoka.

Yangeishia hapo lau si baraza. Tuna baraza letu la baada ya magharibi, kahawa chungu na kashata, na kuna mwenzetu mmoja ni klinikal ofisa, sio wa hospitali ile. Nikamweleza kwa hasira vile nlivyonyimwa maji. Akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Akanambia, "Mwalimu, hilo unalolalamikia limepimwa hapo Kilifi, na wewe kila ukienda Mombasa wapita hapo, dunia nzima walijua kabla yako."

Akanitumia makala yenyewe kwa simu. Kizungu cha madaktari ni kigumu bwana, lakini mi nafundisha hesabu, nikaanza na majedwali nikarudi kwenye maneno. Ilinichukua siku mbili usiku kuimaliza.

Utafiti waliupa jina FEAST. Ulianza 2009 kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, aliyeuongoza ni daktari wa watoto anaitwa Kathryn Maitland, na makao yake ni kile kituo cha Kilifi kilichoanza 1989, cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, wafadhili wa Uingereza. Wakati huo vitabu vingi vya udaktari vilisema mtoto mwenye homa kali akiwa damu haizunguki vizuri, yaani yuko kwenye shoku au anaelekea, mmwagie maji mshipani kwa haraka, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na ukiona bado ongeza. Mtoto wa kilo 10 hizo ni mililita 200, chini ya soda ndogo. Hospitali za ulaya zilikuwa zikifanya hivyo miaka, ikawa ni kama sheria, ila hakuna aliyewahi kukaa akalinganisha sawasawa waliomwagiwa na wasiomwagiwa. Huku kwetu hospitali nyingi hata hazikuwa zikifanya. Na hawa watafiti, hapa ndio naona utamu wa hii stori, hawakuanza kwa kuyashuku maji. Waliamini maji yataokoa watoto, walitaka kupata ushahidi ili hospitali zetu nazo zianze.

Watoto waliochukuliwa walikuwa wa kuanzia siku 60 mpaka miaka 12, wenye homa, fahamu zimepungua au wanapumua kwa shida, na dalili kwamba damu haifiki mwisho wa mwili. Na hizo dalili walizipimaje? Kucha ikibonyezwa ichukue sekunde tatu au zaidi kurudi rangi. Mguu uwe na joto juu na baridi chini. Mshipa wa mkono uwe dhaifu, au moyo uende mbio kupita kiasi. Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Yule sista hakuwa anapapasa miguu.

Basi watoto 3,141 wakagawanywa kwa bahati nasibu, bahasha zimefungwa, daktari hachagui, afungua iliyo juu afuate ilivyoandikwa. Kundi moja walimwagiwa maji ya chumvi kwa haraka, la pili wakamwagiwa albumini ambayo ni maji ya bei yenye protini ya damu, la tatu hawakumwagiwa kitu kwa haraka, walipewa yale ya polepole tu ya kumshikilia mtu asiyeweza kunywa. Dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni, sukari, wote sawa. Walipanga wafike watoto 3,600. Hawakufika. Januari 2011 kamati inayochungulia matokeo njiani ikasema simamisheni. Ndani ya saa 48 waliokufa kwenye albumini ni asilimia 10.6, maji ya chumvi 10.5, wale ambao hawakumwagiwa 7.3.

Yaani maji yalikuwa yanaua. Katika kila watoto mia, kama watatu zaidi.

Nilizipeleka hizo namba darasani tukiwa kwenye asilimia, nimechoka na mifano ya maembe. Nikaandika ubaoni wakatoa jibu, vizuri, alafu msichana mmoja wa nyuma ambaye haongei kabisa akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, hao watatu ni akina nani? Nikamwambia hawajulikani. Akasema, mbona, si wamekufa? Nikajaribu kumweleza kwamba kwenye mia hao saba wangekufa hata bila kumwagiwa, na kumi wamekufa, lakini ukisimama kwenye wodi huwezi kumwonyesha kidole mtoto yeyote useme huyu ni maji yaliyomuua, kila mmoja ana malaria kali au nimonia au damu imekwisha, kila mmoja ana sababu yake tosha. Darasa likanyamaza. Mi mwenyewe ndio nikaelewa vizuri pale nikijibu.

Na kuna jambo jingine kwenye ile makala ambalo ndilo lililonimaliza. Baada ya saa moja, wale waliomwagiwa walionekana wazuri kuliko wenzao. Waliorudiwa na mzunguko wa damu, dalili za shoku zimeondoka, walikuwa wengi zaidi upande wao. Kwa hivyo daktari aliyesimama pale kitandani aona kwa macho yake, kamwaga maji, mtoto kapata nafuu, na akenda nyumbani akilala usingizi mzuri, na mtoto akifa kesho yake atasema ugonjwa ulikuwa mkali. Miaka na miaka madaktari wazuri, sio wavivu, sio wabaya, wangeapa kwa Mungu kwamba maji yanasaidia manake wameyaona yakisaidia. Bila ya zile bahasha hakuna ambaye angejua. Watu walidhani labda maji yaliingia mapafuni au ubongo ukavimba, lakini walipochambua vifo tena, 2013, wakaona zaidi ni moyo na mzunguko wa damu vilivyoshindwa.

Ngojeni hapa nisimame kidogo kabla mtu hajaenda kumwambia mkewe nimesoma maji ni sumu. Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye utafiti huu. Walioungua moto hawakuwemo, wa utapiamlo mkali hawakuwemo, wa upasuaji hawakuwemo. Mtoto anayehara na kutapika, macho yamezama, ngozi ukiibana inarudi polepole, huyo maji ndio dawa yake, ORS, yale ya kunywa ya chumvi na sukari, kwanza na akishindwa kunywa ndio mshipani. Ndio maana sista aliniambia hajahara, hajatapika, hajakauka, maneno matatu ambayo mimi niliyasikia kama visingizio.

Wenzetu wa ng'ambo hawakulimeza kirahisi. Wengi walisema hiyo ni Afrika, hakuna ICU, wodi ya mahututi, hakuna mashine za kupumulia, kwetu ni tofauti. Labda. Lakini 2017 ukatoka mwingine wa Lusaka, Zambia, wa watu wazima, kama 200 hivi wenye maambukizi ya damu na presha imeshuka, wengi wao wakiwa na virusi vya ukimwi, na waliomwagiwa maji mengi mapema walikufa hospitalini asilimia 48.1, waliotibiwa kama kawaida 33.0. Shirika la Afya Duniani nalo lilikawia, mpaka 2016 ndio likatoa mwongozo mpya wa dharura za watoto uliosema wazi mtoto ambaye hajatimiza dalili zote za shoku asimwagiwe haraka. Miaka mitano! Mi ukiniuliza hapo palikuwa na uzembe, lakini mi ni nani.

Sasa kuhusu bahasha. Nilimuuliza mwenzetu wa baraza, hivi mzazi alikubali vipi? Mtoto wako anazimika mikononi, mtu aja na karatasi kurasa tatu, wasaini nini? Akasema ndivyo walivyoona wao pia, kwa hivyo palipokuwa hakuna muda walimweleza mzazi kwa mdomo kwa ufupi, akikubali wanaendelea, na maelezo kamili na sahihi vikafuata mtoto akishatulia. Kamati za maadili ziliruhusu. Nimelifikiria hili mara nyingi na bado halijanikalia sawa. Kwa upande mmoja, ukisema hakuna utafiti bila karatasi basi dharura hazitapimwa kamwe na tutaendelea kumwaga maji. Kwa upande wa pili, mimi usiku ule ningeulizwa ungependa mpwa wako aingie kwenye bahati nasibu, ningeitikia lolote, ungenambia tumpeleke mwezini ningesema chukueni. Hiyo ni ridhaa?

Na tusisahau tuko pwani. Bibi zetu walitutisha na mumiani, mtu mwenye gari anayechukua watu akawafyonza damu, na magari ya utafiti ya Kilifi yalipoanza kuzunguka vijijini yakitaka damu ya watoto, watu walisema yale yale. Hata Bi Mkubwa wangu mpaka leo akisikia KEMRI anauliza "wale wa damu?" Simcheki. Watu walichukuliwa vingi pwani hii bila kuulizwa, kwa nini wasishuku. Ila naona uchungu kwamba mimi mtu mzima mwenye shahada, nimezaliwa kaunti hii hii, nilijua uvumi wa damu tangu utotoni na sikujua kwamba watoto wa huku ni kati ya waliowaonyesha madaktari wa dunia makosa yao.

Yule mzee wa tumbo nae nina deni lake. Nilipokuwa nasoma nikaona foleni ya kazualti nayo ina utafiti wake. Ile ya kumchuja mtoto mlangoni kabla ya kadi na faili, WHO, hilo Shirika la Afya Duniani, wana mwongozo wake, na Blantyre kule Malawi walipopanga upya mapokezi ya watoto hivyo, vifo vya waliolazwa vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18 vikashuka mpaka 6 kwa 8. Kikubwa walichobadilisha ni mapokezi, nani aonwe kwanza. Afrika Kusini kwa watu wazima wanatumia rangi, nyekundu aonwa papo hapo, machungwa ndani ya dakika 10, manjano saa moja, kijani saa nne. Ukikaa sana hospitali bila kuitwa basi huenda ni habari njema, ingawa najua kwetu hapa saa nyingine ni kwamba daktari ni mmoja tu na yuko wodini.

Na ile sindano ya malaria, artesuneti. Sisi wa umri wangu tulikunywa na kudungwa kwinini, masikio yalia kengele siku tatu, ukiongea wasikia kama uko ndani ya mtungi. 2010 yalitoka matokeo ya kulinganisha hizo mbili kwa watoto 5,425 kwenye nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwemo, kwinini wakafa asilimia 10.9, artesuneti 8.5. Bahasha tena.

Kijana wa bodaboda na leso yake sijui aliishia vipi. Mwenzetu anasema wa ajali anayevuja damu nyingi kuna dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, asidi ya traneksamiki, iligunduliwa Japani zamani, bei yake si kitu, na 2010 yakatoka matokeo ya kuipima kwa majeruhi 20,211 nchi 40, vifo vikashuka toka asilimia 16.0 hadi 14.5. Lakini ipewe ndani ya saa tatu. Ikipita hapo inaweza kuwa mbaya badala ya nzuri. Mjombangu wa Pate aliposikia saa tatu akaguna tu, akasema huko kwao maji yakikupwa mashua yakaa kwenye tope, saa tatu ni kungoja bahari irudi.

Sista nilimtafuta. Ilinichukua kama miezi miwili kupata moyo, nikaenda na kilo mbili za halua, nikaambiwa amehamishwa. Halua wakala wenzake.

Juzi Bi Mkubwa alisema mwili wachoka, akaenda na jirani kwenye kliniki ya kulipia bila kuniambia. Karudi na plasta mkononi na uso umenawiri, akaketi barazani mwake kila apitaye amwonyesha. Chupa mbili. Elfu mbili na mia tano. Nikauliza taratibu, mama walikupima nini? Akanambia, "Wewe na hesabu zako hebu nipishe, mimi nimetundikiwa."